Steji Niliyoihamisha Dagoretti Corner

Akinyi, aliyerithi meza yangu pale idarani, aliniomba niandike ninayoyajua kuhusu mashine za kupima hewa kabla sijayasahau. Nikamwambia mashine zina vitabu vyake. Akasema, "Vitabu havisemi ni wapi mlikosea." Nimekaa na maneno hayo tangu nistaafu, na kukaa si jambo ninaloliweza siku hizi. Naamka saa kumi na moja alfajiri kama mtu mwenye kazi. Nachemsha chai, nasimama kwenye roshani yetu hapa Kangemi, nasikiliza malori yakipanda Waiyaki Way, na kwa mlio tu najua lipi injini yake imechoka. Mume wangu ananiambia nirudi nilale. Siwezi. Basi nimeamua kuandika, angalau mikono ipate la kufanya.

Niliajiriwa kabla ya serikali za kaunti kuja, nikiwa msaidizi tu katika kitengo cha afya. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa mashine. Nikapewa kadi. Ilikuwa na miraba iliyopangwa kutoka mweupe hadi mweusi, na kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya barabara katikati ya jiji, kunyoosha mkono, kulinganisha moshi wa gari na miraba ile, kisha kuandika namba ya gari na rangi niliyoiona. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe. Hakuna aliyenionya, na mimi pia sikuwaonya waliokuja baada yangu. Mara ya kwanza nilipotoa ushahidi mahakamani, dereva wa basi aliuliza kama macho yangu yamewahi kupimwa. Watu walicheka. Nilikwenda kuyapima wiki hiyo hiyo, nikaambiwa nahitaji miwani. Dereva alikuwa na hoja.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bwana Harjit, fundi wetu wa mitambo, mzee wa Kisikh aliyezaliwa na kukulia Parklands. Alikuwa na sanduku la chuma linalofika mtu kiunoni, lenye pampu ndani. Pampu ilivuta hewa kupitia karatasi nyeupe ya duara tuliyoiita kichujio. Unakipima uzito kichujio kikiwa safi, unakiacha ndani ya sanduku saa kadhaa, unakipima tena, na kilichoongezeka ndilo vumbi ambalo watu wa pale wamevuta. Mizani ilikaa ndani ya kioo kwa sababu pumzi tu ingeitikisa. Bwana Harjit alipopima alibana pumzi, nami nikabana. Mmoja wetu akicheka, tulianza upya.

Jambo alilohangaika nalo zaidi lilikuwa kunizuia kuwasha mashine haraka. Mimi ni mtu wa haraka tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa gari likiwa njiani kwenda Kakamega. Tukifika mahali, nilikuwa tayari nimeshika waya wa umeme.

"Rispa, weka chini hiyo waya," angesema. "Tuangalie kwanza."

"Tuangalie nini, Bwana Harjit? Barabara si ndiyo hii?"

"Nani anakaa hapa? Nani anapika? Upepo unaenda wapi? Mashine haijui inapima nini. Wewe ndiyo unajua."

Tungesimama nusu saa, yeye akinywa chai ya tangawizi kwenye chupa yake, mimi nikibadilisha mguu wa kusimamia. Wakati mmoja tuliweka sanduku juu ya paa la jengo la ghorofa huko Parklands. Kila adhuhuri vichujio vilitoka vyeusi kuliko vya asubuhi, na mimi nikawa nimeshaandika kwamba ni magari ya wazazi wanaochukua watoto shuleni. Bwana Harjit aliteremka ngazi, akazunguka jengo mara mbili, akarudi na kusema kuna dobi kule nyuma anayewasha jenereta saa sita kila siku. Nilifuta nilichoandika. Yeye akanipa kikombe cha chai tu.

Alipostaafu alihamia kwa binti yake Kisumu. Baada yake zikaja mashine ndogo, nyeupe, ukubwa wa mkate, zinazotuma namba kwenye simu kila dakika chache. Hakuna kichujio cha kupima, hakuna kubana pumzi. Nyinyi wa sasa mmezizoea. Naomba tu mkumbuke kuzifungua na kuzisafisha kwa brashi laini, kwa sababu buibui wanapenda kujenga ndani, na utando mmoja unaweza kukufanya uamini kwamba Dagoretti Corner inateketea. Buibui walinisumbua kuliko wakubwa wangu wote.

Na sasa nije kwenye Dagoretti Corner yenyewe.

Mwalimu Muthoni alikuwa mkuu wa shule moja ya msingi karibu na makutano yale. Alikuja ofisini akiwa na rejista ya darasa la tatu chini ya kwapa, akaiweka mezani kwangu bila kuifungua.

"Madam, mimi sijui mashine zenu," alisema. "Ninachojua ni kwamba nikifungua dirisha watoto wanakohoa, nikilifunga wanasinzia. Nifanye nini?"

Steji ya matatu, kile kituo cha magari ya abiria, ilikuwa imeegemea ua wa shule. Magari yalisubiri zamu yakiwa yananguruma, mabomba ya moshi yakielekea madirisha ya darasa la tatu. Niliweka mashine mbili, moja kwenye ukuta wa darasa na nyingine upande wa pili wa uwanja. Kwa wiki kadhaa nilitazama mstari wa grafu kwenye simu ukipanda asubuhi kengele ikikaribia, ukishuka mchana, ukipanda tena jioni. Upande wa pili wa uwanja mstari ulikuwa chini. Hapakuwa na mjadala.

Nilimpelekea matokeo Bwana Mutiso, mkuu wa idara yetu wakati huo. Alikuwa mtu mpole, anayesoma ripoti mpaka ukurasa wa mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Nimeona shida," alisema. "Sasa unataka nifanye nini? Nikipeleka shida peke yake kule juu, itarudi hivyo hivyo."

Kwa hiyo nikatafuta mahali pa kuihamishia steji. Kwenye ramani ya ofisi niliona kipande kirefu cha ardhi kando ya barabara ndogo, ng'ambo ya makutano, kikipakana na ukuta wa mawe. Ramani ilionyesha ni patupu. Nilikwenda kupaona Jumapili baada ya ibada, nikiwa na utepe wa kupimia, kwa sababu Jumapili magari ni machache na mtu anaweza kupima barabara bila kugongwa. Nilikuta udongo uliokanyagwa ukawa mgumu, ukuta, meza mbili za mbao zilizopinduliwa na kufungwa kwa mnyororo, na majivu. Nakumbuka majivu kwa sababu niliyaruka nisichafue viatu vya kanisani. Nilikaa pale dakika kumi. Kesho yake niliandika: eneo halina watu.

Steji ilihamishwa. Ilichukua muda na mikutano ambayo sitawachosha nayo, lakini ilihamishwa. Mstari wa shule ukashuka kama jiwe. Mwalimu Muthoni alinitumia picha ya madirisha yote yakiwa wazi, mapazia yakipepea nje. Kwenye mkutano wa idara nilipigiwa makofi. Nilirudi Kangemi jioni hiyo nikihisi kwamba miaka yangu yote ya kusimama barabarani imepata jibu.

Miezi ilipita. Siku moja nilikwenda kusafisha mashine ya shule, na saa ya chakula ilipofika nikavuka makutano nikatafute githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa. Sikuwa nimekanyaga kule tangu ile Jumapili. Kando ya ukuta wa mawe kulikuwa na wanawake wanne waliopanga meko na meza, na mbele yao, karibu kiasi cha kugusa, safu ya magari yakinguruma. Mwanamke wa kwanza aliponiona na koti langu la kazi, alianza kufunika sufuria na kuwaashiria wenzake.

"Usifunike, mama," nilimwambia. "Mimi si askari wa jiji. Nimekuja kula."

"Na hiyo koti?"

"Ni ya kazi. Mimi hupima hewa."

Aliangalia magari, kisha akaniangalia. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cha kijani kichwani, na lafudhi ya Bungoma ambayo niliitambua mara moja. Wateja walimwita Mama Nekesa.

"Basi umechelewa," alisema, akinipakulia. "Hewa ilitoka hapa ile siku walileta steji."

"Ulikuwa hapa kabla ya steji?"

"Miaka tisa. Mimi na hawa wote. Huko nyuma ya ukuta kuna vyumba, na ndiko tunakaa."

Nilishika kijiko bila kula. "Na Jumapili je?"

"Jumapili ni kanisa. Nani anauza githeri Jumapili?"

Alipoanza kukohoa alishika meza kwa mikono miwili na kuinama mpaka kikohozi kikapita. Wenzake hawakugeuka, walikuwa wamezoea. Gari moja lilisogea mbele, jingine likachukua nafasi yake, na moshi ukapita juu ya chakula changu. Nilikula nikamaliza. Sikumwambia mimi ni nani. Nilimshukuru, nikarudi ofisini, na kwa siku nyingi baada ya hapo sikuweza kutulia kwenye kiti changu. Nilifungua ile ripoti, nikaisoma, nikaifunga. Eneo halina watu. Nilikuwa nimeandika kwa wino wa bluu, vizuri, kama mtu mwenye uhakika.

Nilipomwambia Bwana Mutiso, alivua miwani.

"Ulisema mwenyewe hakuna watu. Saini ni yako."

"Ndiyo maana nataka kurudi na mashine."

"Rispa, hao mama wanapika kwa makaa. Ukiweka mashine pale, utajuaje moshi ni wa nani?"

Lilikuwa swali la haki. Bwana Harjit angeniuliza hilo hilo, na angeniuliza mapema zaidi. Sikutaka kutafuta jibu kwenye kitabu. Nilikwenda kwa Mama Nekesa asubuhi, kabla wateja hawajajaa, nikavuta kigoda.

"Mama, kuna jambo sikukuambia. Mimi ndiye niliyeandika steji iletwe hapa."

Aliendelea kuchambua maharagwe. "Ulikuja hapa?"

"Nilikuja Jumapili moja."

"Na hukuona mahali napikia?"

"Niliona majivu."

"Ukafikiri ni nani alipika?"

"Sikufikiri."

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa barabarani. Mwenzake wa meza ya pili, aliyekuwa amesikia yote, alisema kwa sauti ya chini kwamba watu wa ofisi ni watu wa ofisi tu. Sikujitetea. Ningesema nini? Kwamba shule ilikuwa na watoto? Walijua. Mmoja wao alikuwa na mjukuu katika shule hiyo hiyo.

"Sasa umekuja kuniomba msamaha ama umekuja kufanya kazi?" Mama Nekesa aliuliza mwishowe.

"Yote mawili. Lakini kazi ina shida." Nikamweleza swali la makaa.

Aliinua kichwa. "Tukizima majiko, hiyo mashine itajua?"

"Itajua."

"Siku ngapi?"

"Tatu zingetosha. Lakini siwezi kuwaomba hilo. Mtakula nini?"

"Hujaniomba. Nimeuliza siku ngapi."

Aliwaita wenzake. Walizungumza nusu kwa Kiluhya, nusu kwa Kiswahili, na mambo mengine hawakutaka niyasikie, nami nikaangalia pembeni. Nilitaka niwalipe kutoka mfukoni mwangu kwa hizo siku. Mama Nekesa alikataa. Alisema mtu yeyote akitaka kuivunja ripoti ataanza kwa kusema wale mama walinunuliwa. Nimefanya kazi na watu waliosoma sana ambao hawakuona hilo.

Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa hakuna jiko lililowashwa kwenye ukuta ule. Nilifunga mashine juu ya meza ya Mama Nekesa, usawa wa pua yake anapokaa, na nyingine nyuma ya ukuta, kwenye dirisha la chumba chake. Naye alikuja kila asubuhi saa ile ile, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya jiko baridi, mikono mapajani. Wateja walikuja, wakauliza, wakageuka. Wengine walikasirika. Mimi nilikaa kando yake na daftari, nikiandika kila gari lililofika, lililozima injini, lisilozima. Waliozima walikuwa wachache sana. Nilikuwa nikisimama kila baada ya dakika tano, nikizunguka, nikirudi, mpaka akaniambia, "Keti, unanichosha."

Mstari ulipanda kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Ulipanda kupita ulivyowahi kupanda shuleni, kwa sababu shule ilikuwa na uwanja na huku kulikuwa na ukuta, na ukuta uliuzuia moshi usitoke. Hilo nalo lilikuwa la kuonekana kwa macho, kama mtu angesimama pale nusu saa siku ya kazi.

Bwana Mutiso aliisoma ripoti ya pili mpaka ukurasa wa mwisho, kama kawaida yake.

"Unajua hii inasema ulikosea."

"Ndiyo, bwana."

"Na inasema mimi niliyeweka saini chini yako sikuuliza."

Akaiweka kwenye trei, na pale ikakaa. Kila asubuhi nilipitia mlangoni kwake kwa kisingizio fulani, nione kama imehama. Haikuhama. Nilianza kuota trei. Mume wangu alisema nimekuwa mtu wa kuzungumza peke yangu jikoni. Halafu siku moja, bila mimi kuuliza, Bwana Mutiso aliniita.

"Nimetafuta kwenye ramani," alisema. "Steji hairudi shuleni."

"Sikusema irudi."

"Basi iende wapi? Kila mahali nikiweka kidole, najiuliza kuna nani hapo Jumatatu."

Nilitambua kwamba ripoti ilikuwa imekaa kwenye trei kwa sababu hata yeye hakuwa akilala vizuri. Tukakubaliana kwamba steji itabaki, ila tutapunguza injini zinazonguruma. Nikatumwa kwa Kamau, mwenyekiti wa steji.

Kamau alinisikiliza akiwa ameegemea mlango wa gari, kijiti mdomoni. "Madam, wewe unasema dere azime gari. Akizima, haitawaka. Starter zimeisha, betri zimeisha. Utakuja kusukuma?"

"Ni magari mangapi hupakia abiria kwa wakati mmoja?"

"Mbili."

"Na haya mengine yote yanangoja nini?"

"Zamu. Ukitoka kwa laini, umepoteza zamu."

"Na kama zamu ingeandikwa, yangoje mbali?"

Alifikiri. Nilitaka kuongeza maneno, nikajizuia. Nusu saa ya Bwana Harjit ilinifaa hapo.

"Kuna ile kiwanja ya malori kule chini," alisema hatimaye. "Iko na mteremko. Huko gari ikikataa kuwaka, unaiachilia tu inateremka, inashika. Nikiita kwa simu, inakuja."

Wazo lilikuwa lake, na kwenye ripoti niliandika hivyo. Kabla ya kulipeleka popote nilikwenda kiwanjani siku tatu za kazi: asubuhi, mchana na jioni. Nilikuta mlinzi na mbwa wake, na mwanamume anayeosha malori. Niliongea na wote wawili. Mbwa hakutaka kuongea.

Wiki ya kwanza mpango ulishindwa kabisa. Madereva hawakuamini orodha, kila mmoja alipanda stejini mapema kuangalia kama ameibiwa zamu, na safu ikawa ndefu kuliko mwanzo. Kamau alitukanwa na watu aliokua nao tangu utotoni. Wiki ya pili alisimama yeye mwenyewe na daftari na filimbi. Wiki ya tatu Mama Nekesa na wenzake walianza kumtajia makosa kwa sauti: "Kamau, hiyo ya tatu inafanya nini hapa?" Nadhani hilo lilisaidia kuliko filimbi. Magari mawili, halafu matatu siku za mvua, halafu tena mawili. Mstari ulishuka polepole. Haukufika nilipotaka. Ulifika mahali ambapo mtu angeweza kuongea bila kusimamisha maneno katikati.

Wakati huo nilikuwa nimempeleka Mama Nekesa kwenye kliniki ya kifua, akapuliza kwenye bomba mara nyingi mpaka akachoka. Daktari, kijana mtulivu, alituambia kilichoharibika hakitarudi, lakini kinaweza kuzuiwa kisiendelee kuharibika. Alimwambia pia asiiname juu ya jiko. Nilirudi kwenye ukuta ule wiki chache baadaye na simu yangu, nikamwonyesha mstari: hapa ulivyokuwa, hapa ulipo.

Aliishika simu mbali na macho, akaufuata mstari kwa kidole. "Hii ikishuka, kifua changu nacho kitarudi?"

"Hapana. Ulisikia daktari."

"Nilisikia. Nilitaka nikusikie wewe ukisema."

"Hapana, mama. Hakitarudi."

Alinirudishia simu. Mteja alikuja, akampakulia, akaongeza parachichi. Kisha akapakua sahani nyingine akaniwekea mbele. "Kula," alisema. Nilikula. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Niliendelea kwenda pale kila Alhamisi mpaka nilipostaafu, na siku nyingine tuliongea na siku nyingine hatukuongea. Bado yupo. Sasa anachemshia githeri nyumbani, jiko likiwa juu ya meza ili asiiname, na kuileta ikiwa imeiva. Bado anakohoa.

Kwenye faili mtakuta ripoti zote mbili. Nilipokuwa nikisafisha meza, mtu mmoja mwenye nia njema alinishauri niiondoe ile ya kwanza, kwamba haina kazi tena na inanichafulia jina. Niliibana pamoja na ya pili kwa pini kubwa. Msiitenganishe.

Wiki iliyopita Akinyi alinipigia simu. Barabara ya kule inapanuliwa, kiwanja cha malori kinachukuliwa, na magari yanatafutiwa pengine pa kusubiri. Aliniuliza kama ningependa kutembea naye tu, si kufanya kazi. Nilikuwa nimevaa viatu kabla hajamaliza kuuliza.

Sehemu aliyopewa ilikuwa uchochoro mpana wenye karakana zilizofungwa upande mmoja na vyumba vya kupanga upande wa pili. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, kimya kabisa. Nguo chache kwenye kamba. Ningekuwa mimi wa zamani, ningekwisha kuona patupu na kuondoka. Akinyi alianza mlango wa kwanza. Akabisha, akangoja, akabisha tena. Alipokosa jibu aliandika namba ya mlango na kusema atarudi jioni. Mlango wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, bibi mmoja alimweleza habari za mwenye nyumba kwa dakika ishirini. Miguu yangu iliniwasha. Nilitaka kumwambia tuharakishe, jua linapanda, tuna milango kumi na minne. Nilifunga mdomo, nikaanza kuhesabu mabati.

Kwenye mlango wa tisa tulibisha mara nne. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka kitasa kilipozunguka. Mwanamume alitoka na shuka begani, macho mekundu, akikingia jua kwa mkono.

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi," Akinyi alisema. "Pole kwa kukuamsha. Unafanya kazi usiku?"

"Ulinzi. Narudi saa moja."

"Kuna mpango wa kuleta matatu zisubiri hapa nje. Kabla hatujaandika chochote, nilitaka kujua wewe hulala saa ngapi mpaka saa ngapi."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama anayengoja tuseme jambo jingine. Halafu aliacha mlango wazi, akaingia ndani kututafutia viti.